Vifo vya bata: Gharama ya kupigana na ugonjwa usiojulikana

MNAMO Aprili 2010, wafugaji wa bata mashariki mwa China walikumbwa na balaa ambalo halikuwa katika kitabu chochote cha magonjwa ya ndege hao. Bata waliokuwa wakitaga vizuri waliacha kula ghafla. Joto la mwili lilipanda, kinyesi kikawa cha kijani, na katika muda wa wiki moja hadi mbili idadi ya mayai katika mashamba yaliyoathirika zaidi ikaporomoka hadi karibu na sufuri.

Wengi wa bata hao hawakufa. Vifo vilikuwa kati ya asilimia tano na 15 katika mashamba mengi, ingawa takriban kila bata bandani aliugua. Kwa mfugaji wa mayai hiyo si nafuu hata kidogo. Bata aliye hai lakini hatagi ni mzigo kuliko mzoga, kwani anaendelea kudai chakula kila asubuhi.

Kabla ya mwaka huo kumalizika, ugonjwa ulikuwa umetapakaa katika maeneo makuu ya ufugaji wa bata nchini humo. China ndiyo nchi inayofuga bata wengi zaidi duniani. Nyama na mayai ya ndege hao ni chakula cha kila siku na tegemeo la mamilioni ya familia. Kila mtu aliuliza swali moja: huu ni ugonjwa gani?

Jinsi swali hilo lilivyojibiwa ni jambo linalostahili kuangaliwa na kila taifa lenye ndege wa kufugwa, Kenya ikiwemo. Vita dhidi ya maradhi ya mifugo hushindwa au kufaulu kulingana na jibu la swali hilo, na jibu hilo halipatikani kwa kumtazama mgonjwa tu.

Madaktari wa mifugo wa China walianza na washukiwa wa kawaida. Homa ya mafua ya ndege ilichunguzwa. Kideri, yaani Newcastle, nayo ikachunguzwa, pamoja na tauni ya bata na ule ugonjwa wa kuku wa kushuka kwa utagaji. Hakuna hata mmoja ulioweza kueleza yaliyokuwa yakitokea.

Walipopasua mizoga, walikuta kifuko cha mayai kimevilia damu na viini vya mayai vikiwa vimenyauka au kupasuka. Walichukua sehemu ya viungo hivyo, wakasaga, wakachuja ili kuondoa bakteria, kisha wakadunga maji yaliyobaki katika mayai ya bata yenye kiinitete. Viinitete vikafa. Kitu kilichopenya kwenye chujio na bado kikaua hakingeweza kuwa bakteria wa kawaida. Chini ya darubini ya elektroni zilionekana chembe za mviringo zenye upana wa takriban nanomita 50.

Umbo, hata hivyo, halitoshi. Virusi vingi ni vya mviringo na vidogo kiasi hicho. Hapo ndipo ilipobidi kusoma jeni.

Baada ya janga la Covid-19 lililoanza kusambaa duniani mwaka wa 2020, Wakenya wengi wanaijua mbinu ya PCR, inayozidisha kipande cha chembe za urithi hadi kiweze kuonekana. Lakini PCR ina udhaifu mmoja ambao husahaulika. Hujibu tu swali lililoulizwa. Ukiuliza kama mafua ya ndege yapo, itakuambia ndiyo au la, wala haitakudokezea kwamba kuna mgeni mwingine aliyeketi kando. Ili kumtambua mgeni huyo ni lazima kusoma mfuatano mzima wa jeni zake, herufi baada ya herufi, kisha kuulinganisha na ya virusi vingine vilivyokwisha kujulikana na kuwekwa katika hazina za kimataifa za takwimu za jeni.

Virusi vya bata wa China vilikuwa na mkufu mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,000. Ulipolinganishwa, ilibainika kwamba vimo katika jamii ya flavivirusi, jamii moja na virusi vya homa ya manjano, dengi, Zika na West Nile. Jamaa yao wa karibu kabisa alikuwa Tembusu, virusi vilivyopatikana mara ya kwanza mwaka wa 1955 ndani ya mbu wa aina ya Culex jijini Kuala Lumpur, Malaysia.

Kwa miaka 55, Tembusu ilikuwa jina tu katika orodha za wataalamu wa mbu. Mwaka wa 2000 watafiti waliripoti jamaa yake mmoja nchini Malaysia, aliyewapa vifaranga wa kuku ugonjwa wa ubongo na kuwadumaza, na habari hiyo haikuzua mjadala mkubwa. Hakuna aliyewaza kwamba virusi vya ukoo huo vingeweza kutikisa sekta nzima ya bata.

Ilibaki hatua moja, ambayo wanaopenda mambo ya haraka huiruka. Kupata virusi ndani ya mnyama mgonjwa si thibitisho kwamba ndivyo vilivyomdhuru. Watafiti waliwadunga bata wenye afya virusi walivyovikuza maabarani. Bata hao wakapandwa na homa, wakaacha kula, na utagaji wao ukaanguka. Virusi vile vile vilitolewa tena katika miili yao. Hapo kesi ikafungwa.

Hata hivyo, mwanzoni kulikuwa na mkanganyiko wa majina. Kundi moja la watafiti liliviita virusi hivyo BYD, kwa heshima ya eneo la ziwa Baiyangdian katika mkoa wa Hebei, ambako sampuli ilitoka. Wengine waliuita ugonjwa huo kwa dalili zake, mara kushuka kwa utagaji, mara uvimbe wa damu wa kifuko cha mayai. Mtu aliyesoma ripoti hizo bila mfuatano wa jeni angedhani China imevamiwa na magonjwa matatu au manne kwa mpigo. Mifuatano hiyo ilipowekwa bega kwa bega, ilidhihirika kuwa adui alikuwa mmoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuna jambo katika nasaba hiyo linalogusa nyumbani. Kundi la flavivirusi ambamo Tembusu imo linaitwa kundi la Ntaya, na Ntaya ni jina la Uganda. Ni virusi vilivyopatikana kwa mbu huko Bwamba, magharibi mwa nchi hiyo, na kuelezwa na wanasayansi mwaka wa 1951. Virusi vya West Nile navyo vilitambuliwa Uganda mwaka wa 1937, na Zika mwaka wa 1947. Ndugu mwingine wa kundi la Ntaya, Bagaza, alipatikana katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka wa 1966, na mwaka wa 2010, mwaka ule ule wa balaa la China, akazuka Uhispania na kuua kwale wa porini.

Hii haina maana kwamba bata wa Busia au wa Tana River wameshambuliwa na Tembusu. Maana yake ni kwamba ukanda huu una mbu, una mabwawa, una ndege wahamiaji na una historia ndefu ya virusi vya ukoo huo. Dhana kwamba maradhi ya bata ni ya Asia tu haina msingi.

Faida ya kumjua adui kwa jina ilionekana upesi. Kwa kuwa Tembusu ilijulikana kuwa ya mbu, ushauri wa kwanza ulikuwa kuwadhibiti mbu. Ushauri huo ulikuwa na mantiki, ila haukutosha, kwa sababu ugonjwa uliendelea kuripotiwa hata wakati wa baridi, mbu wanapokuwa haba. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba virusi hivyo huweza kumtoka bata mmoja na kumfikia mwingine moja kwa moja, hata kupitia hewa.

Watafiti wakarudi kwenye jeni kutafuta sababu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, walibadilisha sehemu moja ndogo tu ya protini inayounda ganda la nje la virusi hivyo, mahali ambapo hushikiliwa kipande cha sukari. Kipande hicho kilipokosekana, virusi vilipoteza uwezo wa kusambaa kwa hewa kati ya bata. Mabadiliko ya nukta moja katika mkufu wa herufi 11,000 yaliamua kama mfugaji ajenge chandarua au apunguze msongamano wa bata na kuboresha hewa bandani.

Chanjo nayo ilipatikana kwa njia iyo hiyo. Virusi vilivyochukuliwa kwa bata mgonjwa mwaka wa 2010 vilikuzwa ndani ya seli za kiinitete cha kuku, vikahamishwa kutoka seli hadi seli mara 180 hadi vikapoteza ukali. Mfuatano wa jeni ulisomwa ili kuona ni nini kilichobadilika, na majaribio yake yakachapishwa mwaka wa 2014. Baadaye China iliidhinisha chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa, na zinatumika.

Wapo wanaoona haya yote kuwa ni anasa ya mataifa tajiri. Kwao, bata akiugua apewe dawa, na akifa afukiwe. Historia ya ugonjwa mwingine wa bata, ule wa ini, inaonyesha jinsi fikra hiyo ilivyo ghali.

Mwaka wa 1949, vifaranga wa bata katika kisiwa cha Long Island, New York, walianza kufa kwa namna ya kutisha. Kifaranga aliyeonekana mzima asubuhi alianguka ubavu, akapiga mateke hewani, akakunja shingo kuelekea mgongoni na kukata roho katika muda wa saa moja au mbili. Ini lake lilikuwa limevimba na kujaa madoa ya damu. Bata wakubwa katika shamba lilo hilo hawakuonyesha dalili yoyote. Watafiti wawili, Levine na Fabricant, waliripoti mwaka wa 1950 kwamba chanzo kilikuwa virusi, na baadaye chanjo ikatengenezwa.

Mambo yangeishia hapo kama ini lililovimba lingekuwa na sababu moja tu. Mwaka wa 1965, katika eneo la Norfolk nchini Uingereza, vifaranga waliokwisha kuchanjwa walikufa kwa dalili zile zile. Mwaka wa 1969 yakatokea mengine tena Long Island, kwa vifaranga waliokuwa na kinga dhidi ya virusi vya awali. Wataalamu walitunga majina: homa ya ini ya aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, kana kwamba ni ndugu watatu wa tumbo moja.

Hawakuwa ndugu. Miaka ya themanini, darubini ilionyesha kwamba virusi vya Norfolk vilikuwa astrovirusi, jamii tofauti kabisa. Ile aina ya tatu ya Long Island nayo ilikuja kutambuliwa kuwa astrovirusi, lakini hilo halikujulikana hadi mwaka wa 2009, miaka 40 baada ya vifo vyenyewe, wakati jeni zake ziliposomwa. Kwa miongo minne, vitabu vya tiba ya mifugo viliuweka ugonjwa huo mahali pasipo pake.

Virusi vya 1949 vyenyewe havikusomwa jeni zote hadi kati ya mwaka wa 2006 na 2007. Mkufu wake wa herufi zipatazo 7,700 ulikuwa wa kipekee kiasi kwamba ilibidi viundiwe kikundi kipya katika jamii ya virusi vya polio. Usomaji huo pia ulifichua kwamba kulikuwa na matawi matatu. Moja lilikuwa lile la zamani lililoenea duniani, la pili lilionekana Taiwan, na la tatu lilikuwa likiua vifaranga Korea Kusini na China.

Tawi hilo la tatu ndilo lililoeleza malalamiko ya wafugaji wa Asia, waliokuwa wakichanja na bado wakipoteza vifaranga. Chanjo ya tawi la kwanza haiwakingi ipasavyo dhidi ya la tatu. Mfugaji alikuwa amenunua chanjo halali, akaihifadhi kwenye barafu, akaidunga kwa wakati, na bado akashindwa bila kosa lake. Kosa lilikuwa la wale waliodhani wanajua ni virusi gani vilivyoko shambani. Chanjo zinazolenga tawi la tatu zilitengenezwa baada ya jeni kusomwa.

Mfano wa tauni ya bata ni wa zamani zaidi na haucheleweshi. Ilipotokea Uholanzi mwaka wa 1923, ilidhaniwa kuwa ni mafua makali ya kuku yaliyowarukia bata. Haikutenganishwa na mafua hayo hadi mwaka wa 1942. Leo inajulikana kuwa ni ya jamii ya virusi vya hepesi, vyenye tabia ya kujificha mwilini maisha yote. Bata aliyepona anaweza kuuzwa sokoni akiwa mnene na mchangamfu, akapeleka maangamizi kwa mnunuzi.

Magonjwa ya bata pia hayabaki kwa bata. Mnamo 1976, kuku wa mayai nchini Uholanzi walianza kutaga mayai yasiyo na ganda au yenye ganda laini. Virusi vilivyohusika vilikuja kubainika kuwa vya bata, ambao huishi navyo bila kuugua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba viliwafikia kuku kupitia chanjo iliyokuzwa katika seli za bata ambazo zilikuwa zimechafuliwa. Ni kinaya kichungu kwamba sindano iliyokusudiwa kinga ilibeba maradhi, kwa sababu hakuna aliyejua kilichokuwa ndani ya seli hizo.

Tembusu nayo imepatikana kwa kuku, bata bukini na hata shomoro. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya bata katika mkoa wa Shandong uligundua kwamba wengi wao walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Haijathibitishwa kwamba vinawaletea watu ugonjwa, na haifai kuzua hofu. Lakini ni jambo la kufuatiliwa, na haliwezi kufuatiliwa na asiyejua anachofuatilia.

Hapa Kenya, bata hufugwa zaidi wachache wachache uani, kando ya kuku, na aghalabu ni mali ya akina mama. Sifa yao kubwa ni ustahimilivu. Kuku wanapoangamizwa na kideri, bata hubaki wakitembea kwa madaha yao ya kawaida. Sifa hiyo ni ya kweli, kwani bata wengi hubeba virusi vya Newcastle bila kuonyesha dalili.

Kutokana na ukweli huo inafaa kufikiwa hitimisho ambalo wengi hawalifikii. Ikiwa bata kwa kawaida hawafi kwa kideri, basi bata kumi wakifa kwa wiki moja, kideri ndicho kinachopaswa kuwa mshukiwa wa mwisho, si wa kwanza. Hata hivyo, vijijini kifo cha ndege yeyote huitwa kideri. Mwenye duka la dawa za mifugo humuuzia mfugaji chanjo ya kuku, au unga wa antibiotiki wa kuchanganya na maji. Antibiotiki hazifui dafu mbele ya virusi. Pesa zimetoka, bata wamekwisha, na chanzo hakijulikani hadi mkasa mwingine utokee.

Si kwamba nchi haina uwezo. Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete, na kuna maabara za kanda katika miji kama Mariakani, Karatina, Nakuru, Kericho na Eldoret. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina makao yake jijini Nairobi. Mwaka wa 2020, watafiti wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi walisoma jeni za virusi vya corona vilivyokuwa vikiingia nchini na kueleza vilitoka wapi. Mashine zinazosoma virusi vya binadamu ndizo hizo hizo zinazoweza kusoma vya bata. Hazibagui.

Pengo liko kati ya ua wa mfugaji na mlango wa maabara. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma za mifugo mashinani ziko mikononi mwa kaunti, ilhali maabara za uchunguzi zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mzoga wa bata unapaswa kufika ungali mbichi, ukiwa kwenye barafu, pamoja na maelezo ya umri wa ndege, idadi ya waliokufa na chanjo walizopewa. RNA huoza upesi. Bata aliyekaa juani tangu asubuhi, akapelekwa jioni kwa bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki, hana mengi ya kuieleza mashine ya mamilioni ya pesa.

Nani agharimie barafu hiyo na nauli? Kaunti zina mahitaji chungu nzima, na bata hawapigi kura. Ng'ombe mmoja akifa kwa kimeta, afisa wa mifugo atafika. Bata 20 wakifa, huenda habari isifike hata kwa chifu.

Kuna pia hofu ya mfugaji mwenyewe. Hana hakika atapata nini akiripoti, ila anajua fika anachoweza kupoteza. Mwezi Januari mwaka wa 2017, ndege wa porini walipatikana wamekufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na Uganda ikathibitisha mafua ya ndege ya aina ya H5N8, yaliyowapata pia bata na kuku wa kufugwa. Kenya ilipiga marufuku mara moja uingizaji wa kuku na mayai kutoka nchi hiyo. Waliokuwa wakitegemea biashara ya mpakani waliumia, pamoja na wale ambao mashamba yao yalikuwa mbali kabisa na ziwa.

Lakini tukio hilo hilo lina upande wa pili. Uganda ilitangaza kwa sababu ilipima. Jeni za virusi vile zilionyesha kwamba ni vya ukoo uliokuwa ukienea Ulaya na Asia wakati huo, jambo lililoelekeza macho kwa ndege wahamiaji badala ya kumlaumu jirani. Marufuku inayoongozwa na taarifa kamili inaweza kulegezwa eneo baada ya eneo. Marufuku ya kubahatisha humfungia kila mtu, na haina sababu ya kufunguliwa.

Ni sharti pia isemwe kwamba kusoma jeni si dawa. China ilikuwa na mfuatano wa Tembusu mapema, na bado ugonjwa uliendelea kuzunguka, kwa sababu mabanda yalikuwa yamesongamana na magari ya kubeba bata yalitoka shamba moja hadi jingine bila kuoshwa. Mwaka wa 2012 bata wadogo waliugua nchini Malaysia kwa virusi vya ukoo huo, na mwaka wa 2013 ikawa zamu ya Thailand. Uchunguzi wa jeni katika nchi hizo ulionyesha kwamba virusi vimegawanyika katika makundi kadhaa, hivyo hata chanjo itakayoagizwa kutoka nje yapaswa kwanza kulinganishwa na virusi vilivyoko mahali husika.

Mambo ya kuanzia si ya gharama isiyofikika. Kaunti zenye mabwawa, mito na mashamba ya mpunga zinaweza kuwapa maafisa wao masanduku ya barafu na vijiti vya kuchukulia sampuli kutoka kooni na mkunduni mwa ndege. Maabara za kanda zinaweza kuagizwa kutopokea bata kwa ajili ya kipimo cha Newcastle na mafua pekee, bali kuhifadhi kipande cha ini, cha ubongo na cha kifuko cha mayai kwenye friza hata pale majibu yanapokosekana. Vipande hivyo huweza kungoja hadi fedha au swali jipya lipatikane.

Thailand ilifanya hivyo. Ugonjwa wa Tembusu ulipozuka huko mwaka wa 2013, ilidhaniwa kuwa umeingia kutoka China. Watafiti wakafungua akiba ya sampuli za zamani za bata waliougua bila sababu kujulikana, wakazipima upya, na mwaka wa 2018 wakachapisha matokeo. Virusi hivyo vilikuwa ndani ya sampuli ya mwaka wa 2007, miaka mitatu kabla ya mfugaji yeyote wa China kulalamika kwamba bata wake wameacha kutaga.